Mashine Inajitahidi

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, Ma Gorpu, mkunga wa zahanati, alifunga kilemba chake cheupe, akafuta kioo cha tableti kwa pindo la kitenge na kuisimamisha dirishani, ikiegemea kopo la maziwa lililojaa mchanga. Halafu alivuta kigoda akangoja. Haukupita muda, daktari wa hospitali kubwa alitokea kwenye kioo, nyuma ya meza yake, kikombe cha chai mkononi, akauliza zahanati ya Gbolata imeamkaje. Ma Gorpu alijibu kwamba wanamshukuru Mungu, wanajitahidi. Kisha wajawazito walipita mbele ya dirisha mmoja baada ya mwingine, wakaonyesha miguu, wakasomewa presha, na daktari akasema huyu arudi nyumbani, huyu apumzike, huyu aletwe kwangu leo.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya usiku kucha, daktari aliinua kikombe kukipeleka mdomoni, na kikombe kikabaki hapo hapo, mdomo wake ukiwa umefunguka nusu.

"Mwambieni anywe, chai inapoa," alisema Yassah, binti wa Ma Gorpu, ambaye ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya dirisha, miguu yake ameiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Wanawake kwenye benchi walicheka. Ma Gorpu naye alicheka, akagonga ubavu wa tableti kwa kidole kama mtu anayeamsha mtoto. Daktari hakunywa. Baadaye kioo kikawa cheusi, na Ma Gorpu akamwita Lorpu.

Lorpu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Ma Gorpu. Alilelewa katika nyumba hiyo hiyo na Yassah, wakilala kitanda kimoja na kugombania shuka moja, mpaka Lorpu alipokwenda Monrovia kusomea mitambo ya mawasiliano na Yassah akabaki akaolewa. Aliporudi mwezi wa tatu, wenye mradi wa kuziunganisha zahanati na hospitali walikwisha kufunga vyombo vyote. Walimwajiri avitunze tu. Alikuwa na sauti ndogo. Ili kumsikia ilibidi mtu asogee, na wengi hawakuwa na nafasi ya kusogea.

Alipanda juu ya paa. Kwenye bomba la chuma lililosimamishwa kando ya zahanati kulikuwa na antena nyeupe ya mviringo ambayo mji mzima uliiita sahani. Ilielekea mnara wa barabara kuu, ng'ambo ya shamba la mpira la Mzee Kerkulah. Lorpu alikagua waya, akatazama kama maji yameingia kwenye maungio, akapima betri, akaigeuza sahani kidogo kushoto na kidogo kulia. Hakukuwa na kilichoharibika. Jua lilipokaa siku nzima, daktari alirudi kwa vipande, paji la uso bila kidevu, neno moja kati ya matano. Mvua iliponyesha, alipotea kabisa. Na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.

Presha ya Yassah ndiyo iliyomfanya Lorpu asilale vizuri. Mimba ya kwanza ya Yassah ilikuwa imeharibika mwaka juzi kwa ugonjwa huo huo, mtoto akazaliwa kimya, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Safari hii daktari alikuwa amesema atamtazama kila siku kwa macho yake. Akiona dalili fulani atasema aletwe, na gari la hospitali litatumwa kumchukua. Mpango wote ulikuwa umening'inia kwenye ile sahani.

Basi Lorpu alishuka chini na kuufuata mstari wa sahani kwa miguu. Aliingia kwenye shamba la mpira, na mara mchana ukafifia. Majani yalikuwa yamefungamana juu ya kichwa chake, mapya, mapana, yakidondosha maji shingoni mwake. Mzee Kerkulah alikuwa anakagua vikombe vya utomvu, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Lorpu alimsalimia kwa heshima, akamuuliza majani haya yamekuwa mengi hivi tangu lini.

Mzee alimtazama, akacheka mpaka akakohoa. Alimwuliza kama chuo cha Monrovia humsahaulisha mtu hata mpira. Si kila mwaka unapukutika mwezi wa kwanza? Si mwezi wa pili miti inasimama uchi, hata mtu akiwa barazani kwake anaona magari ya barabara kuu? Na si mwezi wa tatu inavaa tena?

Lorpu aliuliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, wale mainjinia waliopima njia ya mawimbi walikuja mwezi gani.

"Wa pili," alisema mzee. "Ungetaka waje lini? Barabara ikishakuwa tope hatuwaoni hao."

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe hakukumsaidia. Wataalamu wote wa Gbolata, wa maji, wa shule, wa simu, walikuja kiangazi, kwa kuwa kiangazi ndipo gari hupita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mpira ukiwa na majani. Mawimbi ya sahani ni mafupi, yanaweza kubeba uso wa mtu na sauti yake na chai yake, lakini yanataka njia iliyo wazi. Jani huyapunguza. Jani lililolowa huyameza. Chuoni Lorpu alikuwa amefundishwa juu ya antena ya aina nyingine, ya vijiti vyembamba vilivyopangwa kwenye mti mmoja, mfano wa mfupa wa samaki, na mafundi huiita hivyo. Mawimbi yake ni marefu. Hayawezi kubeba uso, ila yanabeba maandishi na sauti, na yanapenya kwenye majani, yawe makavu au yamelowa. Mtu aliyesimama hapa mwezi wa pili na kuona mnara kwa macho yake mawili kupitia matawi makavu alichagua sahani. Kwa mwezi wa pili alichagua vizuri.

Aliinua macho akatazama mstari wa miti iliyokuwa kati ya zahanati na mnara. Mzee Kerkulah alifuata macho yake. Kicheko kilimwisha. Akaweka kiganja kwenye shina lililo karibu naye.

"Usiniombe hilo, binti yangu."

Lorpu alisema haombi. Na kweli hakuwa na uso wa kuomba. Miti ile mzee aliipanda mwenyewe aliporudi kutoka ukimbizini, na ndiyo iliyosomesha watoto wake wote. Hata angekubali kuikata, nyuma yake ulikuwepo msitu wa chama cha akina mama, ambako wasichana huingizwa kufundwa, na pale hapakatwi hata fito. Kuinua bomba la zahanati juu kuliko miti kungetaka mnara mzima. Alirudi nyumbani, ndala zake zimejaa tope.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi mpya. Ma Gorpu alipima presha ya Yassah asubuhi, Lorpu akapanda kilima cha nyuma ya mji, akasimama juu ya kichuguu ambacho simu ilinasa kidogo ukiinyanyua, akamtumia daktari ujumbe. Wakati mwingine jibu lilikuja jioni. Wakati mwingine lilikuja kesho yake, likizungumzia presha ya jana wakati ya leo imekwisha kuwa nyingine. Yassah alimtania kwamba amepata mchumba huko kilimani, ndiyo maana haachi kwenda, na kwamba kama ni mrefu, amwulize kama ana kaka.

Juu ya kichuguu hicho hicho alimpigia Injinia Dahn huko Monrovia, mtu aliyepima njia mwezi wa pili. Alikuwa amejizoeza maneno njiani. Injinia alimsikiliza bila kumkatiza, tena kwa upole, kisha akasema kitu kilichomnyima nguvu. Mifupa ya samaki ipo, alisema, lakini ni michache, na inapelekwa kwa wale ambao sahani zao zimekufa. Kila Ijumaa Ma Gorpu anaposhuka sokoni kwenye barabara kuu, msichana wa ofisini humpigia simu na kumwuliza hali ya mashine. Na kila Ijumaa Ma Gorpu husema wanashukuru sana, mashine inajitahidi. Kwenye orodha ya ofisi, Gbolata haina tatizo.

Jioni ile Lorpu alimkuta mama yake mdogo akichagua mawe kwenye mchele. Alikaa kando yake, akaanza kuchagua naye, akamweleza kidogo kidogo. Ma Gorpu alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Unaikumbuka pampu?" aliuliza.

Lorpu aliikumbuka. Ilikuwa katikati ya mji, ya rangi ya bluu.

"Tulilalamika kwamba maji yake yana kutu. Wenyewe wakaja na gari, sisi tukapiga makofi, tukajua wanaitengeneza. Wakaing'oa. Wakasema kuna mji mwingine unaoitaka." Akatupa jiwe uani. "Waliokuambia sahani yetu haitang'olewa ni akina nani? Leo siku ya jua namwona daktari nusu. Nikilalamika, nitamwona robo? Mimi sijawahi kuona asante iking'oa pampu."

Lorpu alisema safari hii ni tofauti, hawa watabadilisha. Ma Gorpu alimwuliza kama amepewa ahadi hiyo kwa mdomo wa mtu. Lorpu alisema hakupewa. Kisha Ma Gorpu akamwomba jambo moja, si kwa ukali. Wageni wa mradi watakapokuja kukagua, asimwaibishe mbele yao. Mtu aliyekulea akikuomba hivyo, utasema nini? Lorpu aliendelea kuchagua mawe.

Wageni walikuja mwezi wa sita. Injinia Dahn aliongozana na Madam Wesseh, mkubwa wa mradi, ndani ya gari jeupe lililopakwa tope hadi kwenye vioo. Walikuwa wanapita kwenye zahanati tatu, na nyuma ya gari, chini ya turubai, mlikuwa na mifupa ya samaki miwili. Lorpu aliiona wakati dereva alipofungua mlango wa nyuma kutoa maji ya kunywa. Vijiti vyake vilikuwa vimefungwa kwa magazeti. Aliitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Asubuhi ile Yassah alikuwa ameamka na kichwa kinamgonga, akisema vimulimuli vinampita mbele ya macho. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku zote, na kwa umande uliokuwa majanini kioo cha tableti kilibaki cheusi. Lorpu alikimbia kilimani akatuma ujumbe, akangoja hadi miguu ikafa ganzi, jibu halikuja. Ma Gorpu alimpa binti yake dawa iliyokuwepo, akamlaza ubavu kwenye chumba cha ndani, akashusha pazia. Kisha akafunga kilemba chake upya.

"Wageni wanakuja na gari," alimwambia Lorpu. "Tutaongea nao. Lakini kwanza wapokelewe."

Wakapokelewa. Kokwa za kola zililetwa kwenye sahani ya kauri, zikamenywa, zikatafunwa. Wali ukaja na mchuzi wa chikichi na kuku aliyechinjwa alfajiri. Mkuu wa mji alisema asante kwa niaba ya wazee, mama mmoja kwa niaba ya akina mama, kijana mmoja kwa niaba ya vijana, na kila asante ilizaa nyingine. Sauti ya Yassah ilisikika nyuma ya pazia ikiuliza kama shingo ya kuku imebaki, na watu wakacheka. Ma Gorpu hakucheka. Kila mzungumzaji alipokaa, Lorpu alimtazama mama yake mdogo akidhani sasa ataongea. Ma Gorpu aliinuka mara moja tu, na ilikuwa ni kumvika Injinia joho la kitambaa cha kufumwa kwa mkono, la mistari ya bluu na nyeupe, kama desturi inavyotaka kwa mgeni aliyewatendea watu wema. Lilimpwaya mabegani. Injinia alishukuru, macho yake yakiona haya kidogo.

Ndipo wakaenda kuijaribu mashine.

Mvua haikuwa imenyesha tangu juzi. Majani yalikuwa makavu, yakipepea kwenye jua. Injinia aliunganisha kipimo chake, akakunja uso, akasema ni dhaifu lakini inapita. Kwenye tableti iliyoegemea kopo la maziwa picha ilijikusanya polepole, mraba kwa mraba, hadi wakaiona ofisi ya daktari. Daktari mwenyewe hakuwepo, kwa kuwa saa zake za kuzungumza na zahanati zilikwisha asubuhi. Walichokiona ni kiti chake. Kiti kilionekana vizuri kabisa, hata mto wake, hata koti lililotundikwa nyuma yake.

Watu walipiga makofi. Madam Wesseh alipiga picha ya kile kiti.

"Ma," alisema Injinia, "siku zote iko hivi? Mashine vipi?"

Ma Gorpu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani, pazia mgongoni mwake.

"Tunamshukuru Mungu, bosi. Inajitahidi."

Injinia alimgeukia Lorpu. Huenda alikumbuka ile simu. Lorpu alisogea mbele. Alisema kwamba ikinyesha, majani yakilowa, na kabla hajamaliza Madam Wesseh akamwomba kwa tabasamu apaze sauti, hamsikii. Lorpu alianza upya kutoka kwenye majani. Mkuu wa mji akacheka kwa upendo, akawaambia wageni kwamba huyu binti ana aibu tangu utotoni, hata mama yake alipomzaa hakulia mpaka alipofinywa. Kicheko kikazunguka chumba kizima, na sentensi ya Lorpu ikaishia ndani yake. Alimtazama Ma Gorpu. Ma Gorpu alikuwa anatazama sakafu.

Wakati ule ule dereva aliingia, akasema wingu limeshika upande wa mto. Mvua ikiwakuta kabla ya lile daraja la magogo watalala humu humu, na yeye hana hamu ya kulala ndani ya gari. Lorpu alitoka nje kulitazama. Lilikuwa jeusi, zito, likija taratibu juu ya shamba la Mzee Kerkulah, na upepo wake ulikwisha kuanza kuyageuza majani tumbo juu. Hiyo ndiyo mvua ambayo ingesema yote aliyoshindwa kuyasema. Kama wangekaa kidogo tu wangekiona kile kiti kikifutika. Lakini kwa sababu inakuja, wanaondoka. Aliwaza kwenda kusimama mbele ya gari. Akabaki barazani.

Injinia alikuja karibu naye huku akikunja waya za kipimo chake. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

"Lorpu, nina mifupa miwili na zahanati tatu. Hao wengine wameniambia waziwazi imekufa. Hapa mwenye mashine anasema inajitahidi, na mimi mwenyewe nimekiona kiti. Nikishusha chombo hapa nimwambie nini Madam?"

"Umekiona kwa sababu leo ni makavu," alisema Lorpu.

"Nini?"

"Majani. Umeyaona yakiwa makavu."

Injinia alitazama shamba la mpira, akatazama wingu, akamtazama Madam aliyekuwa amekwisha kuingia garini na kufunga mkanda. Lorpu aliona kwamba anamwamini, na aliona pia kwamba kumwamini hakutoshi. Injinia alimwambia ataiweka Gbolata mwanzo wa orodha ya mwakani, kiangazi, barabara ikikauka. Akapanda gari, joho likanasa mlangoni, akalivuta.

Tone la kwanza lilipiga kioo cha gari. Dereva akawasha injini. Watu wakainua mikono kupunga.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Yassah kutoka ndani, nyepesi, haina utani wowote. "Mama, nani amezima taa?"

Hakuna taa iliyokuwa imewashwa. Ilikuwa mchana.

Lorpu aligeuka kukimbilia ndani, akapishana mlangoni na Ma Gorpu aliyekuwa anatoka. Kilemba kilikuwa kimemwanguka na hakukiokota. Alipita katikati ya wazee, hakumwomba mtu njia, akafika kwenye gari lililokwisha kuanza kusogea, akaweka viganja vyote viwili kwenye dirisha la Injinia. Dereva akakanyaga breki. Kioo kikashuka.

Mji mzima ulisubiri asante ya mwisho.

"Imekufa," alisema Ma Gorpu. "Kila Ijumaa nimesema inajitahidi, na kila Ijumaa nilimaanisha imekufa. Daktari simwoni. Mwanangu yumo humo ndani, macho yake hayaoni na mimi sijui la kufanya. Kama mnataka kung'oa, ng'oeni, chukueni na kopo la maziwa. Lakini shukeni kwanza. Shukeni mnisaidie kumbeba."